Ujenzi Upya wa Breki za Dramu za Ekseli ya Nyuma katika Pikapu Kuukuu: Kanuni, Hatua na Istilahi kwa Kurejelea Mazingira ya Nalasi, Mkoani Ruvuma

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna breki za dramu za ekseli ya nyuma katika pikapu kuukuu zinavyofanya kazi, zinavyochakaa na zinavyojengwa upya. Mfano uliotumika ni Toyota Hilux ya miongo ya 1980 na 1990, na mazingira yanayorejelewa ni ya Nalasi, kusini mwa mji wa Tunduru. Hoja kuu ni mbili. Kwanza, ubovu wa breki za nyuma hujificha gari likiwa tupu na hujitokeza likiwa na shehena, kwa hiyo kubadili breki shuu peke yake si kujenga breki upya. Pili, neno mafuta, ambalo Kiswahili hulitumia kwa vitu vingi vya gereji, hufunika tofauti ya kikemia ambayo fundi asipoijua anaweza kuiharibu mifumo mizima ya breki kwa kosa moja. Makala inahitimisha kwamba usahihi wa kazi hii unategemea vipimo, mpangilio wa hatua na uangalifu wa lugha kwa pamoja.

1.0 Utangulizi

Nalasi ni sehemu ya ukanda wa korosho wa wilaya ya Tunduru. Katika majira ya mavuno, yanayoanza mwishoni mwa mwaka, pikapu hubeba magunia kutoka mashambani hadi kwenye maghala ya vyama vya msingi, na mara nyingi hubeba watu juu ya magunia hayo. Njia nyingi za mashambani ni za mchanga na vumbi wakati wa kiangazi, na za tope masika yanapoingia. Kutoka Tunduru hadi Songea ni takribani kilomita 260. Umbali huo una maana katika ufundi: kipuri kisichopatikana karibu huagizwa, na kinapochelewa, fundi hushawishika kukitengeneza kile kilichopo.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168 ya Sheria za Tanzania, inataka chombo cha moto kinachotumika barabarani kiwe katika hali salama. Hata hivyo, sheria haiwezi kumwonesha fundi tofauti kati ya breki inayoshika na breki itakayoendelea kushika. Tofauti hiyo imo ndani ya dramu, mahali ambapo dereva haoni na abiria hafikirii. Hilo ndilo linalofanya suala hili listahili ufafanuzi wa kina.

2.0 Kanuni za Utendaji

2.1 Joto kama zao la kusimama

Breki haiondoi mwendo. Huugeuza kuwa joto. Pikapu yenye uzito wa kilo 2,500 pamoja na mzigo, ikiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hubeba nishati ya takribani kilojuli 617. Nishati hiyo inatosha kupasha moto karibu lita 1.8 za maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 za selsiasi. Mwendo ukipunguzwa hadi kilomita 40 kwa saa, nishati haipungui nusu bali hubaki robo, kwa kuwa hutegemea mraba wa kasi. Dereva anayeshuka mlima kwa mwendo wa nusu huzipa breki zake kazi ndogo zaidi ya anavyodhani. Anayeongeza mwendo kidogo huziongezea mzigo mkubwa zaidi ya anavyodhani.

2.2 Breki shuu inayojikaza

Breki ya dramu yenye breki shuu zinazopanuka kutoka ndani inahusishwa na Mfaransa Louis Renault, mwaka 1902. Muundo wake wa msingi haujabadilika sana. Breki shuu mbili zenye umbo la nusu duara hukaa ndani ya dramu inayozunguka pamoja na gurudumu. Silinda ya gurudumu iliyo juu huzisukuma nje, na chini hushikiliwa na egemeo lisilosogea. Gari linapokwenda mbele, mzunguko wa dramu huivuta breki shuu ya mbele iingie zaidi kwenye dramu, hivyo hujikaza kwa nguvu kuliko ile iliyosukumwa na silinda. Breki shuu ya nyuma husukumwa iachie. Ndiyo maana lainingi ya breki shuu ya mbele huisha mapema. Fundi anayekuta tofauti hiyo hana sababu ya kushangaa. Sababu ya kushangaa ipo anapokuta kinyume chake.

Kujikaza huku ni neema na ni hatari. Uso wa lainingi ukiingiwa na mafuta au maji, au dramu ikiwa ya duaradufu badala ya duara kamili, badiliko dogo la msuguano hukuzwa likawa badiliko kubwa la nguvu ya breki. Upande mmoja ukiwa hivyo na wa pili ukiwa mzima, gari huvuta kando.

2.3 Vali inayosoma mzigo

Gari linapofunga breki, uzito huegemea mbele na magurudumu ya nyuma huwa mepesi. Pikapu tupu ikipewa nguvu kamili ya breki nyuma, magurudumu hayo hufunga, huteleza, na mkia wa gari huanza kutangulia. Kwa sababu hiyo Hilux nyingi zina vali inayosoma mzigo, iliyofungwa kwenye chasisi na kuunganishwa na ekseli kwa fimbo. Mzigo ukiongezeka, chasisi hushuka karibu na ekseli, fimbo huigeuza vali, na shinikizo zaidi huruhusiwa kwenda nyuma.

Hapa panaibuka jambo ambalo hupuuzwa mara nyingi. Wamiliki wa pikapu za mizigo huongeza vyuma vya springi ili gari lisilale. Chasisi ikishainuliwa kwa njia hiyo, vali husoma kwamba gari ni tupu hata lilipojaa magunia, na hubana shinikizo la nyuma. Breki zilizojengwa upya kwa ustadi hubaki na nguvu pungufu, wakati ule ule zinapohitajika zaidi. Kwa hiyo urekebishaji wa fimbo ya vali, kwa kufuata kipimo cha mtengenezaji, ni sehemu ya kazi ya breki za nyuma na haupaswi kuachwa kama jambo la springi.

3.0 Namna Breki Zinavyochakaa

Uchakavu wa lainingi ni wa kawaida na unatarajiwa. Mwongozo wa Toyota huweka milimita 1 kuwa unene wa chini kabisa wa lainingi. Ikipita hapo, ribiti zinazoishikilia huanza kukwaruza dramu. Dramu nayo hutanuka kwa ndani kadiri inavyolika. Kipenyo cha juu kinachoruhusiwa huwa kimechorwa kwenye dramu yenyewe, na hakuna kanuni ya macho inayoweza kushika nafasi ya namba hiyo.

Vumbi la mchanga huharakisha yote mawili. Mchanga uliopenya hujizika kwenye lainingi na kuifanya msasa. Tope nalo hufika kwenye adjasta, yaani kifaa chenye gurudumu la meno kinachosogeza breki shuu nje kadiri lainingi inavyopungua. Adjasta ikikwama kwa kutu, nafasi kati ya breki shuu na dramu huongezeka, na pedali hushuka chini zaidi kila mwezi. Dereva huizoea hali hiyo, akajifunza kupampu pedali mara mbili. Kuzoea huko ndiko hatari yenyewe, kwa kuwa siku ya dharura haina nafasi ya pedali ya pili.

Sababu ya tatu ni uvujaji. Umajimaji ndani ya dramu unaweza kutoka sehemu mbili: silinda ya gurudumu, au ekseli ambako sili iliyochoka imepitisha oili ya difu. Oili ya difu ni nzito na ina harufu kali. Kiowevu cha breki ni chepesi na huharibu rangi ya gari kinapoiangukia. Kutambua chanzo ni sharti la kwanza, kwa kuwa breki shuu mpya zilizofungwa mbele ya sili inayovuja zitalowa ndani ya siku chache.

4.0 Hatua za Ujenzi Upya

4.1 Kufungua

Gari husimamishwa mahali tambarare na pagumu, magurudumu ya mbele huzuiwa kwa vigogo au mawe, nati za gurudumu hulegezwa, kisha ekseli huinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi kumlinda mtu. Handibreki huachiwa. Dramu iliyong'ang'ania haipigwi nyundo ovyo: dramu za Hilux zina matundu mawili yenye hesi, na bolti mbili za milimita 8 zikikazwa humo kwa zamu, dramu husukumwa nje yenyewe. Ikikataa kwa sababu ya ukingo uliojijenga, adjasta hurudishwa nyuma kupitia tundu la sahani ya nyuma, huku ulimi wake wa kujirekebisha ukiwa umezuiwa kwa bisibisi.

Vumbi lililomo ndani halipulizwi kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi za zamani ziliweza kutengenezwa kwa asibesto, na Shirika la Afya Duniani limekwisha kutamka kwamba aina zote za asibesto husababisha saratani. Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 2008. Kwa kuwa mtu hawezi kuitambua asibesto kwa kuitazama, kila vumbi la breki kuukuu huhesabiwa kuwa na sumu: hulowanishwa kwa maji, hufutwa kwa kitambaa, na kitambaa hutupwa ndani ya mfuko uliofungwa. Hatua hii haihitaji kifaa chochote cha mjini.

4.2 Kukagua na kupima

Upande mmoja hufunguliwa huku wa pili ukiachwa mzima uwe kielelezo cha mahali pa kila springi. Dramu hupimwa kipenyo katika sehemu tatu au nne. Vipimo vikitofautiana, dramu imekuwa duaradufu na dereva atakuwa anahisi pedali ikidunda. Dramu inaweza kukerezwa iwapo kipenyo baada ya kukerezwa kitabaki chini ya kikomo kilichochorwa, na dramu zote mbili za ekseli hukerezwa kwa kipimo kimoja ili pande zifanane. Iliyopita kikomo hutupwa. Ukuta wake umekuwa mwembamba, haupokei joto la kutosha na unaweza kupasuka.

Silinda ya gurudumu hukaguliwa kwa kufunua raba yake ya vumbi. Unyevu nyuma ya raba hiyo ni ishara kwamba raba za ndani zimeshindwa. Silinda ikifunguliwa na kukutwa na vishimo vya kutu, kubadili raba peke yake ni kuahirisha tatizo, kwa kuwa raba mpya itachanwa na vishimo vile vile. Ukuta ulio laini, wenye madoa tu, unaweza kusuguliwa kwa msasa laini sana na kuoshwa kwa spiriti au kwa kiowevu safi cha breki.

Lainingi iliyolowa oili haisafishwi. Desturi ya kuiosha kwa petroli na kuichoma moto huondoa oili ya juu, lakini iliyozama hurudi usoni breki zinapopata joto. Breki shuu hubadilishwa kwa ekseli nzima, yaani zote nne. Pale ambapo lainingi mpya hupigwa ribiti kwenye breki shuu za zamani, mpangilio wa kupiga huanzia katikati kwenda nje ili lainingi ilale bila nafasi chini yake.

4.3 Kufunga

Sahani ya nyuma ina vituta ambavyo kingo za breki shuu huteleza juu yake. Vikiwa vimechimbika, breki shuu hunasa na hairudi. Kwa hiyo husawazishwa na kupakwa grisi kidogo inayostahimili joto. Adjasta husafishwa hadi izunguke kwa vidole. Ya kushoto na ya kulia zina hesi zinazopishana mwelekeo. Zikibadilishana pande, kila zinapojisogeza hulegeza badala ya kukaza, na kosa hilo halionekani siku ya kwanza. Springi zilizopoteza mvuto au kubadilika rangi kwa joto hubadilishwa. Dramu ikisharudishwa, adjasta husogezwa mpaka mkwaruzo mwepesi usikike, kisha hurudishwa kidogo hadi gurudumu lizunguke huru. Waya wa handibreki hurekebishwa baada ya hapo, kamwe si kabla, kwa sababu waya uliokazwa mapema huificha nafasi iliyo kwenye breki shuu.

4.4 Kutoa hewa

Kiowevu hakibanwi, hewa hubanwa. Povu dogo ndani ya bomba humeza safari ya pedali ambayo ingepaswa kufika kwenye silinda. Kazi huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Mpira mwembamba huvishwa kwenye skrubu ya kutolea hewa, na ncha yake huzamishwa katika chupa yenye kiowevu safi. Msaidizi hukanyaga pedali na kuishikilia. Skrubu hufunguliwa, umajimaji hutoka, skrubu hufungwa, ndipo pedali huachiwa. Kinyume cha mpangilio huo huvuta hewa ndani. Vali inayosoma mzigo nayo ina skrubu yake, na ikisahaulika, pedali hubaki laini bila sababu inayoonekana. Kopo la silinda kuu halipaswi kuishiwa wakati wote huu.

5.0 Mafuta Yasiyo Mafuta: Tatizo la Istilahi

Maelezo yaliyotangulia yametumia neno kiowevu cha breki kwa makusudi. Katika gereji nyingi kinaitwa mafuta ya breki, na jina hilo limekita mizizi. Kiswahili hulitumia neno mafuta kwa upana: yapo mafuta ya kula, ya taa, ya kupaka; gari hujazwa mafuta likimaanishwa kuwekewa petroli au dizeli. Oili na haidroliki navyo huhesabiwa katika ukoo huo. Kwa msikilizaji anayejifunza ufundi kwa kutazama na kuambiwa, jina moja huashiria tabia moja.

Kikemia, hali si hiyo. Kiowevu cha aina ya DOT 3 na DOT 4 kimetengenezwa kwa glikoli, si kwa petroli ghafi. Huchanganyika na maji, jambo ambalo oili haifanyi. Raba za mfumo wa breki zimetengenezwa zistahimili glikoli. Zikiguswa na oili ya injini, dizeli, petroli au grisi ya kawaida, huvimba na kulainika. Silinda kuu ikiongezewa oili kwa sababu kiowevu kimekwisha na duka liko mbali, pedali inaweza kuonekana nzuri kwa muda. Baadaye raba huvimba, breki hugoma kuachia, au huacha kushika kabisa. Tiba yake si kumwaga na kujaza upya, bali kubadili kila kipande chenye raba kutoka silinda kuu hadi magurudumu yote manne. Hivyo kosa la nusu glasi huzaa gharama inayozidi ile ya kazi nzima iliyoelezwa hapo juu.

Sifa ya kuchanganyika na maji ina athari nyingine. Viwango vinataka DOT 3 mpya isichemke chini ya nyuzi 205 za selsiasi. Ikishafyonza maji, kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 namba hizo ni 230 na 155. Kiowevu kikichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa. Gari linaloshuka Lukumburu, kati ya Songea na Njombe, likiwa na shehena na kiowevu cha miaka mingi, linaweza kuwa na pedali thabiti kileleni na kutokuwa na pedali kabla ya bondeni. Breki zikipoa, pedali hurudi, na mkaguzi asiyejua chanzo hukuta gari halina kasoro. Kopo lililoachwa wazi gereji wakati wa masika hufyonza unyevu vivyo hivyo.

Suluhisho si lazima liwe kufuta jina lililozoeleka. Istilahi iliyokwisha kukubaliwa na watumiaji haibadiliki kwa amri. Kinachowezekana ni kuiwekea kibainishi: kutaja namba kila mara, mafuta ya breki DOT 3, kama ambavyo hakuna anayeomba spana bila kutaja namba yake. Vyuo vya ufundi stadi, kikiwemo cha VETA mjini Songea, hufundisha kwa Kiswahili vijana ambao watafanya kazi na miongozo ya Kiingereza. Mwalimu akitenganisha mafuta na kiowevu katika somo la kwanza, mwanafunzi hatahitaji kuona silinda iliyoharibika ndipo aelewe. Jambo hilo linaonesha kwamba ukuzaji wa istilahi za ufundi ni suala la usalama, si la kamusi pekee.

6.0 Majaribio ya Mwisho

Breki zilizojengwa upya hujaribiwa kwanza gari likiwa limesimama: pedali ikikanyagwa kwa nguvu kwa dakika moja haipaswi kuzama. Kisha gari tupu huendeshwa polepole na kusimamishwa mara kadhaa kwa upole ili lainingi zilale kwenye dramu. Baada ya mwendo mfupi, joto la dramu za pande mbili hulinganishwa kwa kusogeza kiganja karibu bila kugusa. Upande ulio moto zaidi una breki shuu isiyorudi, na ulio baridi hausaidii. Jaribio la mwisho hufanywa gari likiwa na mzigo, mahali pasipo na watu. Kumkabidhi mwenye gari kabla ya jaribio hilo ni kumwachia yeye na abiria wake walifanye.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba breki za nyuma za pikapu ni mfumo ambao sehemu zake hutegemeana: lainingi na dramu, adjasta na waya wa handibreki, vali na springi, kiowevu na raba. Kubadili kimoja na kuacha kingine huleta breki zinazopita jaribio la gari tupu na kushindwa chini ya magunia. Imeonesha pia kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji vifaa vya gharama. Kulowanisha vumbi, kusoma namba kwenye dramu, kutochanganya adjasta, kufunga skrubu kabla ya pedali kuachiwa na kutaja aina ya kiowevu kwa jina kamili ni mambo yanayowezekana Nalasi kama yanavyowezekana Dar es Salaam. Vinavyohitaji kuagizwa kutoka mbali ni vichache, navyo ni silinda, raba, breki shuu na kiowevu sahihi. Gari ambalo halijapata vitu hivyo ni salama zaidi likisubiri juu ya stendi kuliko likirudi shambani kubeba korosho.